Mtoto Aliyekuwa Rim

Jumapili, 7 Oktoba

Leo Lamis ameniita Mama Rim.

Si Mama. Mama Rim! Kama anavyoniita muuza mkate, kama wanavyoniita watu wote wa kijiji hiki tangu nilipojifungua. Alikuwa ameketi kwenye ngazi anakula zabibu, akasema bila hata kuinua uso: Mama Rim, maji yako wapi?

Maji yako wapi! Miaka mitatu anaingia nyumba hii na kufungua friji kama mwenye nyumba.

Nikamletea maji. Nikajifanya sikusikia. Lakini Hanan, mama yake mzazi, alisikia. Nilimwona ameinamia chai yake ya matte, anavuta mrija na huku kibuyu kimekwisha kauka, kinakoroma tu.

Pengine ni uchovu. Barabara ya kutoka kwao Deir Sindyan ni kona tupu na Lamis hutapika garini. Pengine.

Nimeosha bilauri yake lakini sijairudisha kabatini. Iko hapa mezani, naitazama.

Jumatatu, 8 Oktoba

Shuleni. Darasa la saba hawajui Mto Nile unamwaga maji wapi. Nimewafokea kuliko kosa lenyewe. Nikawaona wanatazamana.

Nimerudi nikakaa na mahesabu yangu ya siku zote. Rim, binti yangu, alikata roho garini saa kumi jioni, tarehe tisa Februari, kwenye kona ya daraja, na mvua. Alikuwa na miaka ishirini. Lamis alitoka tumboni mwa Hanan jioni ile ile. Karatasi ya hospitali inasema saa moja, lakini wakunga huandika saa wanapoikumbuka kalamu. Sisi wa milima hii hatubishani juu ya hilo: roho haikai uchi. Inavua kanzu hii, inavaa ile, papo hapo.

Lamis alikuwa na miaka minne aliposema, yaani alipoyakumbuka maisha yake ya nyuma. Alimwambia Hanan: wewe si mama yangu, mama yangu ana miwani na ngazi zake ni za buluu. Wenzake hucheza na wanasesere, yeye akawa analilia ngazi! Wakaulizia vijiji kumi. Wakafika hapa na magari mawili, wanaume watano, na sheikh wao. Wanawake wa mtaa wote walikuwa wamejipanga uani, na mimi katikati, nimeambiwa nisimwashirie, nisitabasamu. Mtoto akashuka, akatupita mmoja mmoja, akanishika sketi. Akasema: Mama, mbona umezeeka?

Kila mtu alilia. Mimi nilicheka. Nani mwingine angeweza kunitukana hivyo mbele ya sheikh, kama si Rim?

Lakini watoto wanaosema husahau. Wakifika miaka saba, minane, inawatoka. Kila mtu anajua. Nilijua pia. Sikudhani jambo hili linanihusu.

Jumamosi, 13 Oktoba

Zahiya wa nyumba ya jirani amekuja na kibuyu chake cha matte. Tangu aingie katika wanawake wa dini na kuvaa mtandio mweupe, ulimi wake umezidi ukali badala ya kupungua. Tunapokezana, tunapangusa mrija kwa ganda la limau, ananisema.

Kasema: unamtaka akumbuke mpaka lini, mpaka aolewe? Mume atasemaje, kaoa mmoja kapata wawili?

Nikamwambia hanielewi. Yeye ana watoto sita na wote wako hai, wamejaa nyumba.

Akasema: na wewe Najla, ulikuwa nani kabla ya kuwa Najla?

Sijui, nikasema.

Hukusema utotoni?

Sikusema.

Basi! Akafunga mdomo kama aliyeshinda kesi. Nikakasirika. Nikamwambia limau limeisha, aende kwake.

Nazih, marehemu mume wangu, naye ana miaka kumi na moja sasa mahali fulani. Hajasema. Hata alipokuwa hai hakuwa msemaji, Mungu amsaidie mama yake.

Jumapili, 14 Oktoba

Amekuja. Nimemwonyesha picha ya mbwa wetu na kumwuliza jina lake. Akatabasamu tabasamu la adabu. Lile wanalonipa wanafunzi wasiosoma.

Mwaka jana tu alikuwa anamlilia mbwa huyu! Alikuwa anauliza nani anamlisha.

Hanan alipotoka kwenda kuchuma mnanaa, nilifungua droo nikatoa daftari dogo lenye picha ya paka. Nilikuwa nimelinunua Ijumaa. Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua, nisijidanganye hapa pia. Tukaandika pamoja: Mbwa wangu aliitwa Fustuk. Aliogopa radi. Nikamwambia ni mchezo wetu, wa mimi na yeye, asimwonyeshe mtu. Akafurahi. Mtoto gani hapendi siri?

Wakati wa kula akasema mbele ya mama yake: Fustuk alikuwa anaogopa radi.

Nikapiga makofi. Nikamwambia Hanan, kwa jina la mwanawe mkubwa: umemsikia, Mama Wael? Umemsikia? Kama sijui lilikotoka! Hanan akatabasamu na kumwongezea mtoto wali.

Nimejiona mwizi. Lakini usiku nimelala vizuri kuliko wiki nzima — ndiyo, hapa naandika Jumatatu asubuhi. Nimelala vizuri.

Jumapili, 21 Oktoba

Daftari lina mambo kumi na saba, yote kwa sauti ya Rim. Chumba changu kilikuwa upande wa mlozi. Nilivunjika mkono wa kushoto nikiwa na miaka tisa. Sipendi bamia. Baba alinifundisha kuendesha gari na tukagonga ukuta wa kanisa la kijiji cha chini, padri akacheka.

Anajifunza upesi. Ana akili. Rim hakuwa na kichwa cha kukariri hivi, Rim alikuwa mvivu wa vitabu. Nimeliandika hilo na sasa natamani nilifute.

Ameniita Mama leo mara nne. Nilihesabu. Kisha akiwa anaondoka akafungua daftari chini ya meza kuhakikisha, nikaona ukurasa wa kwanza, mwandiko wangu mwenyewe, mstari wa kwanza kabisa, niliouandika kabla ya kumpa:

1. Ninamwita Mama.

Jumatano, 24 Oktoba

Zeituni. Miti yangu ni minane tu lakini mtu mmoja hawezi kutandika turubai na kupiga matawi kwa wakati mmoja. Unapiga, zinarukia kwa jirani. Wana wa Zahiya wakanisaidia saa moja, wakawa wananiita Mama Rim, Mama Rim, shika hapa, Mama Rim, sogea.

Jina lenyewe la ajabu. Wananiita kwa mtu ambaye hayupo. Au yupo, anaishi mwendo wa dakika arobaini kutoka hapa, na hajijui.

Umeme ulikatika saa kumi na mbili. Nimekula mkate na jibini nimesimama. Nikikaa mezani peke yangu naona viti.

Jumapili, 28 Oktoba

Leo hakutaka kula. Tumbo. Hanan akasema tangu jana linamuuma, na wiki iliyopita pia liliuma Jumamosi.

Tulipobaki wawili nikamwuliza la kumi na mbili. Akakosea. Nikamwuliza tena. Macho yakamjaa machozi, akaniuliza: nikikosea, utanikasirikia? Utaniambia nisije tena?

Nikamkumbatia. Nikamwambia hapana, hapana, mpenzi wangu. Halafu — naandika hili ili nione aibu vizuri — halafu nikamwuliza la kumi na tatu.

Jumanne, 30 Oktoba

Hanan amepiga simu saa nane. Sauti ya chini. Nikajua kabla hajasema.

“Mama Rim, nimekuta daftari.”

Nikavuta kiti, nikaketi.

“Lilikuwa chini ya mto. Amekojoa kitandani, msichana wa miaka saba! Nilipobadilisha shuka ndiyo nikaliona. Anasema ni mtihani. Anasema akifeli, mtu atakufa tena.”

“Mimi sikumwambia hivyo, Mama Wael! Wallahi sikumwambia.”

“Najua hukumwambia. Ameelewa mwenyewe.”

Kisha akasema mambo ambayo sitayasahau, hata nikivaa kanzu kumi. Akasema: miaka mitatu nimemgawa mwanangu. Ndugu wa mume wangu waliniambia mzibe mdomo, mpige vibao vidogo, atasahau, utabaki naye. Sikukubali. Nilisema kuna mama mahali analia. Nilimleta kwako kila Jumapili, anatapika garini, ninamfuta, namleta. Alikuwa ananiita Hanan nyumbani kwangu, na wewe anakuita Mama, na mimi nilikaa hapo nikanywa matte yako. Sikusema neno. Lakini hili, Mama Rim! Alipokumbuka, alikumbuka mwenyewe. Sasa amesahau mwenyewe. Wewe nani umkatalie?

Nikasema tu: Jumapili je?

Akasema: apumzike kidogo. Sitakuambia ni kwa muda gani kwa sababu sijui.

Akakata. Bado alikuwa na adabu ya kuniambia nijifunike, baridi inakuja.

Jumapili, 4 Novemba

Hakuja.

Jumapili, 11 Novemba

Hakuja. Mvua.

Nimepika mloukhiye, mlenda wetu, ya watu watatu kwa mazoea. Zahiya amechukua sufuria nzima, na amenisifu kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini.

Jumatatu, 12 Novemba

Swali la Zahiya limenikaa kichwani, kama uzi kwenye jino. Nilikuwa nani?

Nilizaliwa Machi, theluji bado iko barabarani. Kwa hiyo siku ile ile mwanamke fulani alifariki mahali. Pengine alikuwa na watoto. Pengine alikuwa msichana na ana mama. Mama huyo akajipa moyo: amezaliwa, atasema, atanitafuta. Akangoja miaka minne, akangoja kumi. Kila gari likisimama nje akatoka kuchungulia. Mimi wakati huo nilikuwa hapa, nacheza, nakula tini, namwita mama yangu Mama bila shaka yoyote. Sikumpelekea mtu yule hata neno moja. Nimemsahau bila hata kujua kwamba ninasahau!

Na bado nilikuwa nani, kama si yule? Zahiya anasema roho ni ile ile. Sawa. Lakini kama hainijui, haimjui mama yake, haijui bamia, haijui kona ya daraja — imebaki nini cha kuitwa ile ile? Nawafundisha watoto kwamba mto ni mto ingawa maji hayakai. Darasani naona ina maana.

Nimelia kwa ajili ya mwanamke huyo. Siku hizi nalia kwa watu nisiowajua.

Alhamisi, 15 Novemba

Mungu wangu. Niandike polepole.

Zahiya amekuja bila kibuyu. Hapo tu nikajua kuna jambo. Ametoka kwenye matanga upande wa Hasbaya, na huko amesikia kuna mtoto amesema. Msichana. Ana miaka minne, anaitwa Ghina, analelewa na babu yake. Anasema yeye ni Rim wa nyumba yenye ngazi za buluu, alikufa garini kwenye daraja.

Nikamwambia Zahiya: Rim ameshasema. Rim ni Lamis. Hadithi hiyo mlima mzima unaijua, mtoto kaisikia kwa watu wazima.

Akasema: na mimi niliwaambia hivyo hivyo. Nikawagombeza kwa niaba yako. Lakini Najla, mtoto ana kitu kimoja anakirudia kila siku na hawakielewi, ndiyo maana wakaniuliza mimi, jirani yako. Anasema: nilitoka na nywele mbichi, na mama akaniambia usirudi.

Zahiya akanitazama. Akasema: ni uongo, sivyo? Wewe huwezi kumwambia Rim maneno kama hayo.

Nikasema ni uongo.

Sasa ameondoka na mimi niko hapa na karatasi tu, kwa hiyo niseme. Asubuhi ile Rim alichelewa mtihani. Aliosha nywele na hakuzikausha. Baridi ya Februari! Nilimfuata mpaka kwenye ngazi na taulo, yeye anacheka, anakimbilia gari la rafiki yake. Nikakasirika. Nikampigia kelele: haya nenda, na usirudi hapa na mafua yako!

Usirudi hapa na mafua yako. Ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia mwanangu kutoka kwangu. Hakuna mwingine aliyesikia. Rafiki yake alifunga vioo, muziki juu, na yeye pia alikufa. Sikumwambia mtu. Si Zahiya, si sheikh, si marehemu mama yangu. Na hata kwenye daftari hili sijawahi kuyaandika mpaka leo.

Miaka mitatu nilimsubiri Lamis ayaseme. Kila Jumapili nilimwogopa kidogo na kumsubiri kidogo. Alikumbuka mbwa, alikumbuka ngazi, alikumbuka mpaka rangi ya pazia. Hilo hakulisema hata siku moja. Nikajiambia amenisamehe, ndiyo maana limemtoka.

Ijumaa, 16 Novemba

Haiwezekani. Ana miaka minne. Rim ana miaka saba na miezi tisa tangu afariki. Roho ilikuwa wapi katikati?

Zahiya amejibu kabla sijamaliza: ilipita mahali. Alizaliwa kwingine, akafa mchanga, ndipo akaja huyu. Mbona hutokea.

Sisi tuna jibu la kila kitu! Sasa Lamis ni nani? Nikamwuliza hivyo. Akakuna kichwa chini ya mtandio. Akasema labda ni msichana mwingine ambaye mama yake alikuwa na miwani na ngazi. Akasema labda ni mtoto tu aliyekuhitaji.

Nikamwambia asinitanie. Akasema hatanii, na kweli uso wake haukuwa wa utani.

Jumamosi, 24 Novemba

Babu yake Ghina amepiga simu. Baba Salman. Sauti ya mkulima, anaongea na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde.

Ameomba radhi mara tatu. Kasema: dada yangu, Mama Rim, hatutaki kitu kwako. Tuna kila kitu, namshukuru Mungu. Tunataka alale tu. Kila asubuhi nikimwosha nywele analia kwamba hawezi kurudi kwao, amekatazwa. Nimwambie nani amemkataza?

Nikasema mimi ni mgonjwa.

Akasema pole. Akasema basi mpaka utakapopona.

Nikasema sitapona upesi! Nikakata. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, mwalimu.

Namwogopa mtoto wa miaka minne. Si kwa sababu ni mwongo. Ningekuwa na uhakika kwamba ni mwongo ningempikia biriani. Namwogopa kwa sababu atashuka garini na atanitazama, na anajua.

Na Lamis? Nikimpokea huyu, nimwambie nini yule? Kwamba Jumapili mia na hamsini zilikuwa makosa? Nilimpenda nani miaka mitatu hii?

Jumatatu, 26 Novemba

Hakuna jipya. Darasa la saba sasa wanaijua Nile. Nimewapa peremende, wameshtuka.

Jumapili, 2 Desemba

Saa nne asubuhi gari limesimama nje na sikutoka kuchungulia. Nilishaacha. Mlango ukafunguliwa — Lamis!

Hanan alibaki kizingitini. Amekonda. Ana matanga kijiji cha juu, atamfuata saa kumi. Kasema: ameomba mwenyewe, Mama Rim. Tangu Jumatano anaomba. Nikamwuliza unataka kwenda kufanya nini huko, akasema kukaa.

Nikamwambia Hanan kwamba daftari nimelichoma jikoni. Alikuwa amenirudishia kwa mkono wa Zahiya, nikalichoma ukurasa kwa ukurasa. Akanibusu shavuni, mara tatu, akaenda upesi ili nisimwone analia.

Mimi na Lamis tumetengeneza mikate ya zaatari, ile ya majani makavu na ufuta. Unga mpaka kwenye nyusi. Hakuniita kitu chochote kwa muda mrefu, nikaona anakwepa, anasema tu “shika” na “tazama.” Kisha akaniuliza: Mama Rim, Rim alikuwa anapenda nini?

Kwa mara ya kwanza. Kama anavyouliza mtu habari za mtu mwingine.

Ilinichoma, lakini si kama nilivyotegemea. Nikamweleza. Nikamwambia alipenda kulala, na mikate iliyoungua kingo, na kunicheka. Akasikiliza na mdomo wazi. Akasema, angekuwa rafiki yangu.

Saa nane. Amelala kwenye kochi na soksi zangu miguuni. Nimekuja hapa mezani kuandika kabla sijasahau mimi pia. Sijawahi kuwa na Jumapili kama hii. Hata wakati anakumbuka kila kitu haikuwa hivi, kwa maana nilikuwa namsikiliza Rim tu, na huyu aliyekuwa akimbeba sikumwona.

Gari. Mapema mno kuwa Hanan.

Si Hanan. Ni pikapu ya zamani, ina matope ya mbali. Mzee mwenye suruali pana nyeusi na kofia nyeupe anateremsha mtoto. Zahiya yuko mbele yao, anaonyesha njia kama mpambe wa harusi. Zahiya! Nitamkata ulimi.

Nimezungusha komeo. Nimerudi kukaa. Naandika kwa sababu mkono usiposhika kalamu utashika mlango.

Wanagonga. Zahiya anapiga kelele: Najla, tunajua uko ndani, bomba la jiko lako linatoa moshi!

Lamis ameamka. Anauliza ni nani. Nimemwashiria anyamaze.

Babu anasema kwa sauti ile ya bondeni: Mama Rim, utusamehe. Hakula siku mbili. Atazame nyumba tu, kisha twende zetu.

Halafu yule mdogo. Sauti ina mafua.

Mama! Mama, nimerudi. Nimekausha nywele.

Siwezi

Nimepata tena kalamu. Lamis amesimama katikati ya chumba na unga bado uko kwenye nyusi zake. Ameniuliza: kwa nini anakuita Mama?

Nimemwambia ukweli. Sina nguvu ya kutunga kingine. Nimesema: anasema yeye ni Rim.

Akafikiri. Akasema: lakini Rim ni mimi.

Nikasema: unakumbuka?

Akasema: sikumbuki. Lakini ni mimi.

Nje mtoto analia sasa, kilio cha kweli, cha usingizi na njaa. Nimesimama mara mbili na kukaa mara mbili. Nikimfungulia yule nitasikia iwapo nimesamehewa. Ndicho nilichokitaka kwa miaka saba na miezi kumi, na kiko hatua nne kutoka hapa, nyuma ya ubao wa mlango.

Lamis amekwenda mlangoni. Nilidhani anakwenda kufungua. Ameegemeza mgongo wake kwenye komeo, mikono ameitanua, na ananitazama mimi.

Anasema: Mama, waambie ni mimi.